Makala mpya kila mara au kurudi kwenye za zamani: ipi inakubakisha juu kwenye Google?

Wengi wenye saiti wanafika hapa: umeandika makala kama 60 au 100 hivi, kadhaa zikapanda mpaka ukurasa wa kwanza wa Google bila kulipia tangazo hata moja, ukafurahi ukaendelea kuandika, halafu polepole unaona namba zimesimama na zile makala zilizokuwa zinabeba saiti nzima zinaanza kuteremka. Hapo una njia mbili, ama uongeze kasi ya kuandika mpya ama usimame urudi kuzitengeneza za zamani. Muda ulionao ni ule ule na huwezi kuzifanya zote kwa nguvu zote, kwa hiyo nimeziweka hapa bega kwa bega, pamoja na ile ya tatu inayopendwa sana ya kwenda kuandika kwenye saiti za wengine, ili uchague ukiwa unajua unachochagua.

Msimamo wangu nautaja mapema kabisa. Kupanda na kubaki juu ni kazi mbili tofauti. Makala mpya ndo inakupandisha, lakini kinachokubakisha mara nyingi ni kurudi nyuma, na kosa ninaloliona sana (nami nimelifanya) ni kutumia dawa ya kupanda kutibu ugonjwa wa kushuka.

Mimi yalinikuta hivi. Nilikuwa na makala ya kurudisha picha zilizofutika kwenye simu, ilikaa nafasi ya pili kwa zaidi ya mwaka, watu wanaingia kila siku, nami nikaona hiyo imeshakamilika nikaiacha. Nikawa naandika makala mpya tatu kwa wiki. Huku nyuma menyu za simu zikabadilika, hatua nilizoandika zikawa hazifanani na kile msomaji anachokiona kwenye kioo chake, wengine wakaandika zao zenye picha za menyu mpya, na ile yangu ikaenda nafasi ya nne, ya saba, ikaishia ukurasa wa pili. Sasa kilichoniuma ni kwamba sikugundua kwa miezi minne. Namba za jumla za saiti zilikuwa zinaonekana sawa tu kwa sababu makala mpya zilikuwa zinaziba pengo. Yaani nilikuwa nachota maji kisimani nikimimina kwenye mtungi uliotoboka na kwa sababu mtungi haupungui nikadhani uko salama. Hilo ndo jambo la kwanza la kuzingatia kwenye ulinganisho huu, makala mpya zinaweza kukuficha uozo wa zile za zamani kwa muda mrefu sana.

Kasi ya kuona matokeo

Makala mpya inaanzia sifuri. Google lazima iigundue, roboti wake aje aisome, iingie kwenye indeksi (orodha ya kurasa ambazo Google imezihifadhi), halafu ndo ianze kujaribiwa kwenye matokeo, leo iko nafasi ya 45 kesho ya 30 keshokutwa haipo kabisa. Kwa saiti iliyokwisha kuaminika inaweza kuchukua wiki chache, kwa saiti changa inaweza kwenda miezi na pia inaweza isifike popote. Kwenye maneno yenye ushindani mkubwa ndo kabisa.

Makala ya zamani tayari iko ndani. Ina historia, ina linki ambazo watu wengine waliiwekea bila wewe kuomba, ina maneno kadhaa inayojulikana nayo. Ukiirekebisha kwa maana kweli, unaingia Search Console (huduma ya bure ya Google inayokuonyesha saiti yako inavyofanya kwenye matokeo), unabandika anwani ya ukurasa kwenye sehemu ya kukagua URL, unaomba isomwe tena, na mabadiliko unaweza kuyaona ndani ya siku kadhaa au wiki mbili tatu. Hapa makala ya zamani inashinda waziwazi. Ila usidanganyike, ushindi huu ni wa makala iliyokuwa karibu na kilele, kwangu mimi ni zile zilizo kati ya nafasi ya 4 na ya 20. Makala ya zamani iliyo nafasi ya 70, haina linki wala haijawahi kupata kliki, hiyo haina tofauti na mpya, umri peke yake hauna thamani yoyote.

Kazi yenyewe

Watu wanadhani kurekebisha ni kazi nyepesi, unaingia unaongeza aya mbili unabadilisha tarehe unatoka. Hapana jamani. Kurekebisha kwa haki kunaweza kula nusu siku na asilimia kubwa ya huo muda siyo kuandika, ni kuchunguza kwa nini imeshuka. Na uchunguzi ndo kitu chenyewe, ukiuruka unatibu malaria kwa dawa ya macho.

Nifafanue ninavyofanya maana hapa ndo penye nyama. Search Console inakutunzia data ya miezi 16, kwa hiyo unaweza kulinganisha miezi mitatu hii na miezi mitatu kama hiyo ya mwaka jana, na hiyo ni bora kuliko kulinganisha na miezi iliyopita tu kwa sababu kuna mada zina msimu wake. Unachagua ukurasa mmoja, unaangalia vitu vitatu kwa pamoja: umeonekana mara ngapi, umepata kliki ngapi, uko nafasi ya ngapi. Sasa usiangalie kimoja kimoja, angalia vinavyotembea pamoja.

Nafasi imeshuka na kliki zimeshuka, hiyo maana yake kuna waliokupita. Nenda katafute hayo maneno wewe mwenyewe, fungua makala tatu za juu, zisome kwa utulivu kama msomaji na siyo kama mpinzani, utaona kitu wanacho ambacho huna. Mara nyingi siyo urefu. Google wenyewe wameshasema hawana idadi ya maneno wanayoipendelea, kwa hiyo yule anayekwambia ongeza mpaka ufike maneno 3000 anakupotezea muda. Ni kwamba wanajibu swali mapema zaidi, au wana picha, au wamejibu swali la pili ambalo linafuata moja kwa moja baada ya lile la kwanza.

Nafasi iko pale pale lakini kuonekana kumepungua, hapo shida siyo makala, watu wamepunguza kutafuta hicho kitu. Unaweza kuipamba makala hiyo mpaka usiku wa manane na hakuna kitakachorudi. Hapa makala mpya ndo jibu, nenda kaandike kile ambacho watu wanatafuta sasa.

Nafasi iko pale pale, kuonekana kuko pale pale, kliki zimeanguka. Hii imekuwa ya kawaida sana siku hizi. Ama kichwa chako cha habari kimechoka na wenzako wana vichwa vinavyoeleweka zaidi, ama ukurasa wa matokeo wenyewe umebadilika, juu kumewekwa jibu la moja kwa moja, video, au yale majibu ya AI ambayo Google waliyazindua rasmi Marekani mwezi Mei 2024 na kuyasambaza nchi nyingine baadaye. Makala zenye jibu la sentensi moja ndo zinaumia zaidi, sababu mtu akishapata sentensi yake hana haja ya kuingia kwako. Hapo marekebisho yanayosaidia ni kuongeza kile ambacho hakiwezi kufupishwa: ulichojaribu mwenyewe, picha zako, ulipokwama na ulivyojinasua.

Makala mpya haikudai uchunguzi wa namna hii, inakudai utafiti wa mada na ujasiri wa kuanza. Kwa mtu anayependa kuandika kuliko kusoma namba, makala mpya ni raha zaidi na nafikiri ndo sababu wengi wetu tunaikimbilia. Raha yake siyo dhambi ila usiichanganye na faida.

Upya, na ule mchezo wa tarehe

Kuna imani kwamba Google inapenda vitu vipya kwa hiyo makala mpya lazima ishinde. Kuna ukweli ndani yake. Novemba 2011 Google walitangaza mabadiliko ya kutoa kipaumbele kwa vitu vya karibuni na wakasema yangegusa takriban asilimia 35 ya utafutaji. Lakini ukielewa mantiki yake utaona kwamba siyo kila swali linataka jibu la leo. Mtu anayetafuta matokeo ya uchaguzi, toleo jipya la programu au simu ipi ina kamera nzuri, huyo anataka cha karibuni. Anayetafuta namna ya kukokotoa eneo la duara hana shida na makala ya mwaka 2009, duara halijabadilika.

Kwa hiyo kabla hujachagua jiulize hili swali linazeeka au halizeeki. Lisilozeeka, makala ya zamani iliyokaa vizuri usiiguse ovyo, iache iendelee kukusanya linki. Linalozeeka, weka ratiba ya kurudi, na nasisitiza urudi kwenye anwani ile ile. Kuna watu kila mwaka wanaandika makala mpya yenye mwaka kwenye anwani, ya 2022, ya 2023, ya 2024, halafu wanashangaa kwa nini hakuna hata moja inayopata nguvu, kumbe kila mwaka wanazaa mtoto mpya na kumtelekeza yule aliyeanza kutembea. Anwani moja isiyo na mwaka, unaibadilisha ndani kila mwaka, linki zote zinabaki hapo hapo.

Na kubadilisha tarehe bila kubadilisha kitu, hapana kabisa. Kwenye mwongozo wao kuhusu maudhui yenye msaada kwa watu, Google wameliweka hilo kama moja ya maswali ya kujihoji: je unabadilisha tarehe ili ukurasa uonekane mpya wakati ndani hakujabadilika kitu cha maana? Mbali na Google, ni kumdanganya msomaji, anaona tarehe ya juzi anafuata hatua ambazo zilikufa miaka mitatu iliyopita, na akigundua harudi tena.

Wingi: hapa makala mpya ina hatari ambayo hatuizungumzii

Zamani wingi ulilipa. Kulikuwa na saiti zinazozalisha maelfu ya makala nyepesi na zinakaa juu, mpaka Februari 2011 ilipokuja Panda, apdeti ya Google ya kushusha saiti zenye makala duni, wakasema inagusa karibu asilimia 11.8 ya utafutaji kwa Marekani, na viwanda vya makala vikaporomoka. Agosti 2022 wakaleta mfumo wa maudhui yenye msaada, ambao ulikuwa unaitazama saiti kwa ujumla wake, kwamba ukiwa na rundo la makala zisizomsaidia mtu hata zile nzuri zinaweza kuburutwa chini nazo. Machi 2024 mfumo huo ukaingizwa ndani ya mfumo mkuu wa kupanga matokeo, na mwezi huo huo wakatoa sera dhidi ya kuzalisha maudhui kwa wingi kwa lengo la kucheza na nafasi tu, awe ameandika mtu au mashine.

Hiyo sehemu ya mwisho isome mara mbili. Watu wanabishana sana kama AI imekatazwa, na Google tangu Februari 2023 walisema wanachoangalia ni ubora na siyo kilivyotengenezwa. Kwa hiyo kutumia AI kukusaidia kupanga mawazo siyo kosa, ila kutoa makala 40 kwa siku ambazo wewe mwenyewe hujazisoma, hilo ni kosa hata kama ungeajiri watu 40 waandike kwa mkono.

Kwenye ulinganisho wetu maana yake ni hii: kila makala mpya ni bahati nasibu yenye pande mbili. Ikiwa nzuri inaongeza mlango mwingine wa watu kuingilia, ikiwa dhaifu inaongeza uzito kwenye gari lile lile. Kurekebisha ya zamani hakuongezi mzigo, kunaupunguza. Mtu mwenye makala 300 na anayepata kliki kwenye 25 tu, kwa maoni yangu hana haki ya kuandika ya 301 kabla hajajua zile 275 zinafanya nini pale.

Halafu kuna makala zinazogombana zenyewe kwa zenyewe. Ukiandika mpya kila wakati bila kuangalia ulichonacho lazima ujirudie. Mimi niliwahi kukuta nina makala tatu zinazojibu karibu swali moja, Google leo inaonyesha hii kesho ile, zote zinapanda na kushuka kati ya nafasi ya 12 na ya 25. Nikachukua iliyo na linki nyingi, nikahamishia humo yale mazuri ya zile mbili, kisha zile mbili nikazielekeza kwake kwa ridairekti ya 301, yaani anayefungua anwani ya zamani anapelekwa moja kwa moja kwenye mpya. Kazi ya jioni moja. Iliingia ukurasa wa kwanza na sikuandika hata aya moja mpya.

Linki

Hapa kwa ufupi. Google ilianza mwaka 1998 ikiwa na wazo la PageRank, kwamba linki ni kama kura, na ingawa kuna ishara nyingi zimeongezwa tangu hapo linki bado zina uzito. Ya zamani inazo, mpya haina. Ila mpya inaweza kuazimwa nguvu: ukiwa na makala ya zamani yenye afya, weka ndani yake linki inayoelekea kwenye mpya, kwa maneno yanayoeleza kinachopatikana huko, siyo "bonyeza hapa". Hii ni sehemu ambayo njia mbili zinashikana mikono, na kila ninapotoa makala mpya narudi kwenye za zamani tatu au nne kuiunganisha. Dakika kumi tu.

Na kuandika kwenye saiti za wengine je?

Hii ilikuwa njia kuu miaka ya nyuma. Ulikuwa unaandika makala moja, unaipeleka kwenye zile saiti za kukusanya makala za kila mtu, unaweka linki yako chini, ukirudia mara mia unapanda. Panda ikazipiga hizo saiti, halafu Aprili 2012 ikaja apdeti nyingine, Penguin, ikawapiga waliojenga linki za kulazimisha. Watu wakahamia kwenye kuandika kama mgeni kwenye saiti za wengine, mpaka Januari 2014 Matt Cutts, aliyekuwa anaongoza timu ya kupambana na spamu pale Google, akaandika wazi kwamba kama unafanya hivyo ili upate linki basi acha. Linki za kulipiwa zinatakiwa ziwekewe alama kwenye kodi ya ukurasa ili Google isizihesabu kama kura, kuna nofollow tangu 2005 na sponsored tangu 2019. Na Mei 2024 wakaanza kuwaadhibu hata wanaopangisha nafasi kwenye saiti zenye jina kubwa ili wapande kwa mgongo wake.

Niliwahi kulipa mtu aliyeniahidi makala 20 kwenye saiti 20. Nilizipata. Zilikuwa saiti ambazo hakuna binadamu anazisoma, zimejaa makala za kila mada chini ya jua, na hazikunisogeza hata nafasi moja. Hela ile ningeiweka kwenye picha nzuri za makala zangu tano ningekuwa mbali.

Siyo kwamba njia hii ni mbaya yote. Ukialikwa kuandika mahali ambapo wasomaji wako wapo kweli, andika, tena andika kitu chako bora, utapata watu na jina. Ila ihesabu kama njia ya kujulikana, usiihesabu kama njia ya kulinda nafasi. Makala iliyochakaa kwako haiponi kwa sababu umeandika nzuri kwa jirani.

Hatari za kurekebisha, maana zipo

Nisije nikaonekana naipendelea njia moja. Kurekebisha vibaya kunaweza kuua makala iliyokuwa hai, wakati makala mpya moja ikishindwa, isipokuwa zikiwa rundo, haikunyang'anyi ulichokuwa nacho jana.

Kosa la kwanza ni kubadilisha anwani ya ukurasa kwa sababu umeona mpya inapendeza zaidi, bila kuweka ridairekti. Linki zote zinaangukia kwenye ukurasa usiokuwepo. Hata ukiweka ridairekti, kama hakuna sababu nzito iache anwani ilivyo.

La pili lilinigharimu mimi. Nilikuwa na makala ndefu yenye jedwali moja la zamani chini kabisa, nikaliona linachafua, nikalifuta nikaandika utangulizi mzuri zaidi. Baada ya wiki tatu kliki zikapungua karibu nusu. Nilipoingia kwenye orodha ya maneno yanayoleta watu kwenye ule ukurasa nikakuta lile jedwali ndo lilikuwa linajibu maswali yao, hawakuwa na habari na utangulizi wangu. Nikalirudisha, kliki zikarudi ingawa siyo zote. Tangu siku hiyo sifuti kitu kabla sijaangalia maneno yanayoleta watu, na natunza nakala ya toleo la zamani pembeni.

La tatu ni kubadilisha kichwa cha habari kinachofanya kazi. Kama makala iko nafasi ya kwanza hadi ya tatu na kliki zinakuja, usiguse kichwa. Sahihisha taarifa ndani, ongeza kilichopungua, ondoka.

Kuna na mambo ambayo makala mpya wala marekebisho ya maandishi hayatayatibu. Ukurasa unaochukua sekunde nyingi kufunguka kwenye simu ni mmojawapo, Google wanataka kile kitu kikubwa kinachoonekana juu kiwe kimefunguka ndani ya sekunde 2.5, na wanasoma saiti kwa jicho la simu kwanza. Kama saiti ni nzito shughulika na hilo kabla ya yote.

Sasa wewe uchague ipi

Kama saiti yako ina makala chini ya 30 hivi, au haijatimiza mwaka, andika mpya. Huna cha kurekebisha, Google haijakujua bado, na unachohitaji ni kuizunguka mada yako mpaka isiwe na mashaka kwamba wewe ndo mtu wa hiyo mada. Usiandike kila kitu, andika mada moja kwa kina mpaka ukimaliza swali moja linakupeleka kwenye lingine na yote yana majibu kwako.

Kama una makala 50 mpaka 150 na kuna zilizowahi kukaa ukurasa wa kwanza, gawanya nusu kwa nusu. Mimi katika hatua hii nilikuwa kwa kila makala mpya narudi kwenye moja ya zamani, na kuchagua ipi siyo kwa hisia, naanza na ile iliyopoteza kliki nyingi kwa hesabu na siyo kwa asilimia. Makala iliyotoka kliki 10 ikabaki na 2 imepoteza asilimia 80, ila ile iliyotoka 2000 ikabaki na 1500 ndo inayokuumiza.

Zaidi ya hapo, saiti kubwa yenye mamia ya makala, ningekushauri kwa miezi mitatu usimamishe kabisa mpya au uandike moja kwa wiki tu. Rekebisha, unganisha, futa. Najua inatisha kutotoa kitu kipya, unahisi Google itakusahau, lakini ukurasa uliorekebishwa kwa uhakika nao ni kazi mpya, roboti anarudi anauona.

Kuna hali moja tu isiyofuata mgawanyo huu, na ni muhimu. Ukiwa kwenye Search Console ukakuta makala yako inaonekana mara nyingi kwa swali ambalo hujalijibu vizuri, limeguswa kwa sentensi moja tu, jiulize kama mtu anayeuliza hilo swali ni yule yule anayesoma makala hiyo. Kama ni yule yule, ongeza sehemu ndani. Kama ni mtu mwingine mwenye haja nyingine, hapo hata uwe na makala 1000 andika mpya, hiyo ni zawadi, Google inakuonyesha mahali ambapo iko tayari kukupokea. Makala zangu mpya zilizofanya vizuri zaidi miaka hii zote zimetoka huko.

Jambo jingine linalonisukuma upande wa kurudi nyuma ni uzoefu. Desemba 2022 Google waliongeza uzoefu wa mwandishi kwenye vigezo vya wale watu wanaokagua ubora wa matokeo, juu ya utaalamu, mamlaka na kuaminika. Hao wakaguzi hawapangi nafasi moja kwa moja, ila vigezo vyao vinaonyesha kule Google inakotaka kwenda. Na uzoefu ni kitu ambacho makala ya kwanza huwa haina. Ulipoandika ile makala miaka mitatu iliyopita ulikuwa unajua kidogo, leo umeshafanya hicho kitu mara nyingi, umekosea, umeulizwa na wasomaji maswali ambayo hukuyategemea. Kuyaingiza hayo kwenye makala ya zamani ni kuiweka mbali na yeyote anayeweza kuinakili kirahisi.

Zile ambazo hazina kliki, hazina linki, mada yake imekufa na hakuna cha kuunganisha, zifute tu, ukurasa uonyeshe 404 au 410, yaani namba zinazosema ukurasa haupo au umeondolewa. Usizielekeze zote kwenye ukurasa wa mwanzo, Google inalichukulia hilo kama ukurasa usiokuwepo vile vile na msomaji anachanganyikiwa.

Ile makala yangu ya picha zilizofutika niliikalia siku mbili nzima. Nikapiga upya picha za menyu kwenye simu nilizokuwa nazo, nikapandisha jibu juu kabisa, nikaongeza sehemu ya mtu ambaye hakuwa amewasha hifadhi ya mtandaoni maana hao ndo walikuwa wengi kwenye yale maneno ya Search Console, nikaondoa programu mbili ambazo hazipo tena. Baada ya wiki tatu ilitoka ukurasa wa pili ikaja ya sita, sasa hivi iko ya tatu. Ya pili haijarudi. Anayekaa pale ana video fupi ya kila hatua na nimeiangalia mara kadhaa, ni nzuri kweli, kwa hiyo wiki hii sijapanga makala mpya hata moja, nimeazima stendi ya simu na nashughulika na video yangu.